Korosho Ambayo Hatukuipima

Februari ya mwaka juzi mpwa wangu alinitumia picha ya ua dogo jeupe lililotoboa theluji. Ilikuwa saa saba mchana, nami nilikuwa ofisini kwetu, chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Ua lenyewe lilikuwa limeinamisha kichwa mithili ya bibi harusi chini ya mtandio. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Majira ya kuchipua yameanza kubisha hodi huku Berlin. Kwetu kumechipua nini?"

Nikamjibu: "Marahaba mama. Huku mvua tu."

Jibu lile lilinikera mwenyewe. Hadi nafunga ofisi lilikuwa bado linanizunguka kichwani. Nina miaka 52. Nimezaliwa Tandahimba, nikasoma Newala, na sasa naishi Mtwara mjini. Mkoa huu sijawahi kuuhama hata mwaka mmoja. Kwetu Wamakonde ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo mtoto wa dada yangu ni mwanangu kabisa. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka darasa la kwanza, na mimi ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege alipokwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Leo ananiuliza habari za kwao, na cha kumwambia sina.

Jumapili alipopiga simu nilimwomba anisimulie juu ya ua lile. Kijerumani wanaliita Schneeglöckchen, yaani kengele ndogo ya theluji. Huchomoza Februari, pengine hata mwisho wa Januari, miti ikiwa bado fito tupu. Machi hufuata maua ya krokasi, zambarau na njano na nyeupe, zimetapakaa kwenye nyasi za bustani za mji. Akasema yeye alishangazwa zaidi na watu. Alimwona bibi mmoja mwenye mkongojo akisimama njiani, akainama taratibu, akakitazama kijiua kisichozidi kidole, akainuka, akaendelea na safari yake akitabasamu peke yake.

Nilimwelewa yule bibi, maana niliikumbuka Desemba ya kwanza ya mpwa wangu kule. Mwezi huo jua la Berlin huchomoza saa mbili asubuhi imeshapita, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha kuzama. Alikuwa anaingia kazini gizani na kutoka gizani, na siku moja alinipigia akiwa ndani ya treni, analia, wala hajui analilia nini. Aliyepita miezi ya namna hiyo, kengele ya theluji kwake ni mgeni mwema aliyefika mlangoni.

Mwisho wa Machi saa za Ulaya husogezwa mbele. Simu yake ya Jumapili, niliyoizoea saa mbili usiku, ikaja saa moja. Hivyo ndivyo majira yao yalivyonifikia mimi Mtwara: saa nzima kabla ya wakati wake, chakula kikiwa bado jikoni.

Sisi huku hatuna majira manne. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha ukavu. Wavuvi wana kusi na kaskazi zao. Kwa muda nilijiambia kwamba swali la mpwa wangu basi halina jibu kwetu, kwamba kuchipua ni mambo ya nchi za baridi. Lakini niliposema hivyo moyoni nilijua nadanganya, kwa sababu kazi yangu yote inategemea mti unaochanua.

Maua ya mkorosho nilikuwa nayajua kwa kilo. Kila Julai viongozi wangu huniuliza, "Karani, maua ya mwaka huu vipi?" Nami huzunguka na pikipiki mashamba machache, natazama matawi, narudi na makadirio: magunia mangapi, dawa ya salfa imetosha au haikutosha, ugonjwa wa ubwiri unga umeshika upande gani. Ni kazi ya heshima. Nyumba za huku hujengwa kwa korosho, ada za shule hulipwa kwa korosho, na nauli ya kwanza ya ndege ya mpwa wangu ilitoka kwenye fedha za mnada. Ila katika miaka 19 ya ukarani sikuwahi kuliinamia ua moja la mkorosho kama yule bibi alivyoliinamia la kwake.

Nikaweka nadhiri ndogo. Kila Jumapili, kabla ya simu, nitamtumia picha moja ya kitu kinachochipua, kinachochanua au kinachogeuka rangi.

Picha za mwanzo zilikuwa mbaya. Shamba zima, nusu yake mbingu, barabara imepita katikati. Nilipiga bahari ya Shangani, nikapiga kivuko cha Msangamkuu na watu wake, nikapiga miembe kwa mbali. Mpwa wangu alijibu kwa adabu, "Nzuri mjomba," na mimi nilijua kwamba hakuna alichokiona humo, maana hata mimi nilipozirudia sikuona kitu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mchongaji pale Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini. Kwa miaka mingi nilimpita kama mtu anavyopita duka la jirani: shikamoo, marahaba, kwaheri. Banda lake ni la makuti, chini ya mwembe, na sauti ya tezo yake huisikia hata kabla hujaliona banda. Siku hiyo mvua ilinikuta hapo nikaingia kujibanza.

Mbele yake palikuwa na gogo la mpingo. Ukilitazama kwenye ncha iliyokatwa unaona gome la kijivu, kisha duara ya njano iliyopauka, kisha moyo mweusi. Mti huu hauna haraka. Hadi unene kiasi cha kufaa mbao hupita miaka 70 na zaidi, na ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Mzee alikuwa analigeuza gogo, analitazama, analigeuza tena. Nikarudi baada ya wiki moja. Gogo lile lile, na tezo ilikuwa imegusa mahali pamoja tu.

"Mzee, hili limekushinda?" nikauliza.

"Lina fundo," akasema. Akakishika kidole changu akakiweka juu yake. "Nikiliparamia, mti utapasuka. Nangoja nijue litakuwa goti au litakuwa kichwa."

Nilikaa pale hadi alasiri, bila shughuli, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu nianze kazi. Pembeni kulikuwa na vinyago vilivyokwisha. Kimoja ni cha mtindo wa ujamaa: watu wamebebana kwenye gogo moja kutoka chini hadi juu, mzee amebeba mabega ya mwanawe, mwanawe amebeba mama mwenye mtoto, na katikati yao mwanga unapenya. Hicho nilikuwa nimekiona mara mia. Safari hii nilifuata mkono mmoja tu, mkono wa mtoto wa juu kabisa, nikitaka kujua unaishia wapi. Ulizunguka shingo ya mama, ukapita nyuma, ukatokea upande wa pili umeshika sikio la babu. Mkono wa mtoto, umeshika sikio la babu! Kinyago hicho nilikuwa nikikipita kila nikienda Mikindani, na sikio lile lilikuwa limeshikwa muda wote huo. Kulikuwa na vya mtindo wa shetani pia, vilivyopindapinda, jicho moja shavuni, mguu umetokea begani. Zamani vilinitisha. Nilipovikalia karibu niliona kwamba kila pindo limefuata pindo la mti wenyewe, kama vile mzee alikuwa anausikiliza.

Kisha akaniomba simu azione picha ninazompelekea mtoto. Akazipitisha moja moja, kimya.

"Hapa umepiga shamba," akasema. "Mkorosho uko wapi?"

Nikamwonyesha. "Huu hapa, mzee."

"Huo ni mkorosho wowote. Nionyeshe mmoja."

Sikuwa nao.

Julai ilipofika nilikwenda shamba la shemeji yangu alfajiri, kabla wapuliza salfa hawajafika, maana wao huwahi umande kabla upepo haujaamka. Baridi ya kusi ilikuwa inauma. Nikachagua tawi moja, nikapindua ndoo, nikakalia.

Naomba msomaji wa kusini anisamehe nikimweleza kitu kilicho uani kwake. Ua la mkorosho ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Lina petali 5 nyembamba zilizojikunja kwenda nyuma kama nywele zilizochanwa. Likifunguka huwa jeupe la maziwa, na juu yake kuna vijistari vya waridi vilivyonyooka kana kwamba vimechorwa kwa sindano. Kadiri linavyozeeka waridi hutawala, hata likawa jekundu kote. Basi kwenye kishada kimoja unayaona ya leo, ya jana na ya juzi, yote pamoja, na majani machanga yaliyoyazunguka yana rangi ya shaba. Harufu yake ni tamu, nzito kidogo. Nilipovuta pumzi nikakumbuka bibi yangu akipepeta ufuta uani, wala sijui kwa nini ufuta. Kishada kimoja kina mamia ya maua, mengi yakiwa ya kiume, na yatakayofika kuwa korosho ni machache tu. Hilo bwana shamba alitufundisha kwenye semina, nami nikaliandika kwenye daftari kama hesabu. Pale juu ya ndoo nililiona kwa macho: maua mangapi yanafunguka, yananukia, yanaanguka, wala hakuna atakayeyaandika popote.

Sisimizi wa maji moto alikuwa anapita juu ya petali. Wakulima wetu wanamheshimu kwa sababu hula wadudu wanaonyonya machipukizi. Nilisubiri asimame. Hakusimama, lakini alipogeuka nikabonyeza.

Jumapili ile mpwa wangu alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mjomba, nimekulia chini ya miti hii. Sikujua ua lake lina mistari."

"Hata mimi," nikamwambia.

Tukacheka wote wawili, na nadhani siku hiyo ndipo mchezo wetu ulipogeuka kuwa kitu cha kweli.

Agosti zamu ikawa yake. Alikwenda Makumbusho ya Historia Asilia pale Berlin, akanitumia picha akiwa amesimama chini ya mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria. Watu wa Lindi wanaijua habari hiyo: mifupa ilichimbwa kuanzia 1909 hadi 1913 kwenye kilima cha Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini, na zaidi ya tani 200 zikabebwa na watu, mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Mjusi aliyesimamishwa pale ana kimo cha mita 13 na ushee. Kwenye picha ya kwanza mpwa wangu alikuwa kama kijiti pembeni ya nguzo. Kisha ikaja ya pili, ambayo naipenda zaidi: mfupa mmoja wa mguu, umepigwa karibu kabisa, nyufa zake na rangi yake ya udongo mkavu vinaonekana. "Nimefanya kama yule mzee wako," aliandika. "Nimetafuta mmoja."

Nilimwambia awatafute pia wenye mikono. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Na mwaka 2019 wanasayansi walimpa mmoja wa mijusi hao jina la Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera wa Lindi na ya Mohammadi Keranje, mchimbaji aliyeiona mifupa yake. Mwezi uleule nilikuwa na safari ya kikazi Lindi, nikatoka kikaoni nikashuka ufukweni, nikapiga picha ya ghuba na mashua zinazovuka kwenda Kitunda. Nilisimama pale nikiwawazia waliotua mizigo ile mchangani, wakanyoosha migongo. Sina kinyongo na mtoto wa Berlin anayefurahia mjusi yule. Lakini moyo wangu unatamani siku moja mtoto wa Lindi naye ausogelee mfupa ule kiasi cha kuhesabu nyufa zake, bila kuhitaji viza.

Septemba na Oktoba zilipita mbio, maana msimu wa kukusanya ulikuwa umeanza na ghala halingoji mtu. Niliiba dakika chache tu. Newala, asubuhi moja pale Shimo la Mungu, ukungu ulikuwa umejaa bondeni hata ukadhani bahari imepanda. Na kwenye njia ya Masasi kwenda Nachingwea, miombo ilikuwa imevaa majani mapya mekundu na ya rangi ya kutu, huku mvua ikiwa bado haijatia mguu. Abiria mwenzangu alidhani msitu umeunguzwa. Nilimwomba dereva asimame dakika mbili; wengine walinung'unika, wengine wakashuka na simu zao.

Ila kitu ambacho sitakisahau ni mbuyu.

Mbuyu hauungojei wingu. Una maji yake umeyaweka kwenye shina, na kwa maji hayo huchipua majani mvua ikiwa bado haijafika. Nilikuwa nimeuona mmoja Mikindani, karibu na banda la mzee, tangu Juni ukiwa mtupu kama mti uliong'olewa ukasimikwa kichwa chini. Mwishoni mwa Oktoba ukaanza kuwa na kijani kwenye ncha, majani yamekunjika kama ngumi za kichanga. Kisha zikatokea tumba, mviringo, zinaning'inia kwenye vikonyo virefu.

"Njoo jioni," mzee akaniambia. "Mchana hutaona kitu. Njoo na mama watoto."

Tukaenda na mke wangu, siku ya pili ya wiki ya mapumziko. Tulitandika mkeka. Mke wangu alibeba chai na mihogo ya kuchemsha. Jua lilizama, wavuvi wakawa wanavuta mitumbwi ghubani, adhana ikasikika, mzee akaenda kuswali akarudi. Yapata saa kumi na mbili na nusu mke wangu akanigusa bega. Tumba moja, ya chini kabisa, ilikuwa inapasuka. Kwa macho yangu niliona ganda la kijani likirudi nyuma, na ndani yake petali nyeupe zilizokunjamana kama kitambaa kilichokuwa kimebanwa sandukuni, zinajinyoosha moja baada ya nyingine, mpaka katikati ukatokea mpira wa nyuzinyuzi laini. Haikuchukua muda. Mke wangu alisema, "Yaani linapumua," kisha hatukusema tena.

Nikatoa simu. Giza lilikuwa limeshaingia, na kwenye kioo nikaona doa la kijivu tu. Nilijaribu mara 3. Mara ya tatu popo akapita mbele ya uso wangu, nikasikia upepo wa bawa lake, akajibandika kwenye ua, akanywa, akaondoka na chavua kichwani kwenda kwenye ua jingine. Nikairudisha simu mfukoni. Tulikaa hapo mpaka mihogo ikapoa, tukitazama maua yanavyofunguka juu yetu, mengine hatuyaoni, tunayasikia tu tumba zinapoachia. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuipa jina, furaha ya mtu mzima aliyeonyeshwa kitu na asidaiwe chochote.

Alfajiri nilirudi peke yangu. Maua ya usiku yalikuwa yameanza kuanguka, kingo zake zimekuwa kahawia, harufu imekuwa kali. Nikaokota moja nikaliweka kwenye kiganja changu na kulipiga picha. Ndiyo niliyomtumia mpwa wangu, pamoja na maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kumwandikia mtu. Aliichapisha, akaibandika ukutani kwenye chumba chao cha kunywea chai hospitalini. Kuna mgonjwa mmoja, aliniambia, mzee wa Kijerumani, ambaye kila siku aliuliza ule mti umefika wapi sasa.

Gogo la mpingo pia lilifika mwisho wake. Fundo likawa goti, goti la mwanamke anayepiga magoti kumtua mtoto. Mzee ameacha ukanda mwembamba wa ile njano upande mmoja, kama upindo wa kanga. Sikuwa na fedha ya kukinunua, na nilimwambia hivyo. Akasema nikitazame bure hadi mwenyewe atakapokuja. Nilikitazama kwa majuma matatu, kisha kikaondoka.

Februari ikarudi. Mpwa wangu akatuma kengele ya theluji ya mwaka huo, imekaribiwa hata unaona michirizi ya kijani ndani ya petali. Safari hii hakuuliza swali. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na vitabu vyangu vya msimu nilikuwa nimeshavifunga: kila gunia, kila kilo, kila jina la mkulima mahali pake. Nilipitia shamba la shemeji yangu kumpelekea karatasi zake za malipo. Chini ya mkorosho wangu ule, wenye tawi langu, kwenye majani yaliyooza, kitu cha kijani kiliniita.

Nikachutama. Ilikuwa korosho. Ilikuwa imewaponyoka waokotaji, ikaponyoka gunia, mizani na ghala, ikajilalia hapo kimya. Sasa ganda lilikuwa limepasuka, na vipande viwili vinene vya kijani vilikuwa vimeinuka kwenye shina jekundu, kimoja bado kimevaa nusu ya ganda kama kofia. Kati yake majani mawili, madogo kuliko ulimi wa paka, rangi ya shaba, yameloa.

Nililala kifudifudi kwenye tope na suruali yangu ya ofisi, nikatulia mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Kisha nikaandika chini ya picha: "Mama, kwetu kumechipua hii."